Mapafu Yakiugua, Figo Nazo Zimo Hatarini

Mtu alazwapo hospitali kwa homa kali na kifua kinachobana, macho ya jamaa zake wote huelekea kifuani. Watu huulizana kama anapumua vizuri, kama amepewa oksijeni, kama kikohozi kimepungua. Maswali hayo ni ya haki, kwani pumzi ndiyo uhai. Lakini ni nadra kumsikia ndugu wa mgonjwa akimwuliza muuguzi, "Je, tangu asubuhi amekojoa kiasi gani?" Pengine sababu ni haya, maana mila zetu hazituruhusu kutaja mkojo wa mzee mbele za watu. Pengine pia sababu ni kwamba wengi wetu hatukupata kuelezwa kuwa ugonjwa ulioanzia puani na kooni waweza kushuka mapafuni, na mwisho ukaziangusha figo.

Swali hilo dogo, ndugu msomaji, laweza kuokoa maisha ya mtu. Katika safu ya leo tutatazama jinsi maradhi ya virusi vya njia ya hewa yanavyoweza kuziumiza figo za mgonjwa aliyelazwa, ni nani aliye hatarini zaidi, na jamaa aliyeketi kando ya kitanda ana wajibu gani.

YALIYOONEKANA NEW YORK

Jambo hili lilijulikana kwa madaktari tangu zamani, ila halikuwa likitajwa sana mitaani. Mwaka 2003, ulipozuka ugonjwa wa SARS, wataalamu wa Hong Kong waliwachunguza wagonjwa 536. Kati yao 36 figo zao ziliumia ghafula, na katika hao 36 walifariki 33. Idadi ya walioumia ilikuwa ndogo, lakini karibu wote waliopatwa walipotea. Kadhalika katika homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 2009, wagonjwa mahututi wengi walionekana kuwa na figo zilizolegea.

Ulipofika ugonjwa wa UVIKO-19, ambao watu wengi tuliuita korona, taarifa za kwanza hazikutisha sana kuhusu figo. Katika mji wa Wuhan, China, wagonjwa 701 walipochunguzwa mapema mwaka 2020, walioumia figo wakiwa hospitali walikuwa kama 5 katika kila 100. Hata hivyo wagonjwa 44 katika kila 100 walikutwa na protini katika mkojo siku walipopokelewa, na 27 katika kila 100 walikuwa na damu ndani yake. Kwa maneno mengine, mkojo ulikuwa umekwisha kutoa onyo kabla mgonjwa hajazoea kitanda.

Mji wa New York, Marekani, ndio uliopata pigo kubwa. Kati ya tarehe 1 Machi na tarehe 5 Aprili 2020, hospitali 13 za shirika la tiba la Northwell Health zilipokea wagonjwa 5,449 wa UVIKO-19 ambao madaktari waliwafuatilia. Wagonjwa 1,993 kati yao, yaani zaidi ya theluthi moja, figo zao ziliumia. Waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine walikuwa 285. Katika hospitali za Mount Sinai za mji huo huo, wagonjwa 3,993 walifuatiliwa hadi mwisho wa Mei mwaka huo, na walioumia figo walikuwa 46 katika kila 100. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ya kusikitisha: nusu ya walioumia figo walifia hospitali, hali wale ambao figo zao zilibaki salama waliofariki walikuwa 8 tu katika kila 100.

Yafaa tuelewe vema takwimu hizo. Hazina maana kwamba figo peke yake ndizo zilizowaua watu wote hao. Mgonjwa ambaye figo zake zimeanguka aghalabu ndiye ambaye mapafu, moyo na damu yake vimekwisha elemewa. Figo huwa kama taa nyekundu inayowaka kuashiria kwamba mwili mzima umo taabuni. Lakini zikisha anguka nazo huongeza mzigo, na mgonjwa huzidi kudidimia.

Mashine zenyewe, maji yake maalumu na wauguzi wenye ujuzi wa kuziendesha vilipungukiwa katika mji huo ambao ni miongoni mwa miji tajiri kupita yote duniani. Ikiwa New York ilitindikiwa, basi kila nchi yapaswa kuitilia maanani kinga kabla ya mashine.

KAZI YA FIGO

Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, pande mbili za uti wa mgongo. Ingawa ni ndogo, hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo vimo vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja lita zipatazo 180, kiasi cha madumu 9 ya lita ishirini. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachosalia, lita moja hadi mbili, ndicho tunachokiita mkojo.

Mkojo huo huchukua taka za mwili na madini yaliyozidi. Katika madini hayo, lililo la hatari zaidi ni potasiamu. Figo zikishindwa kuitoa, hujikusanya katika damu, na ikizidi mno yaweza kuusimamisha moyo bila kutoa hodi. Maji nayo, yasipopata njia, hujaa miguuni na usoni, kisha huingia mapafuni. Fikiria basi hali ya mgonjwa aliyeletwa hospitali kwa sababu mapafu yake yamejaa, halafu figo zake zinaongeza maji pale pale.

Ubaya wa figo ni ukimya wake. Jino likiuma mtu hulia. Figo ikiumia kwa namna hii aghalabu haina maumivu. Mgonjwa hulala tu, na jamaa hudhani amepumzika.

KWA NINI HUUMIA

Sababu ni nyingi nazo huja pamoja. Ya kwanza ni upungufu wa maji. Mtu mwenye homa hutoka jasho, hupumua haraka, pengine huhara na kutapika, na hamu ya kula na kunywa humtoka. Kama amekaa nyumbani siku tano katika hali hiyo, hufika hospitali mwili umekauka na damu imepungua katika mishipa. Figo, zilizozoea kupata damu tele, hubaki na kiu.

Ya pili ni upungufu wa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu. Mapafu yakishindwa, kila kiungo hukosa hewa, na mirija midogo ya figo ni miongoni mwa vinavyodhurika mapema. Madaktari walipochunguza figo za watu waliofariki kwa UVIKO-19, jeraha lililoonekana mara nyingi lilikuwa katika mirija hiyo.

Ya tatu ni vita vyenyewe vya mwili dhidi ya virusi. Kinga ya mwili ikipandwa na ghadhabu hupiga adui na rafiki kwa pamoja; mishipa midogo huvimba, na damu huganda mahali isipopaswa kuganda.

Ya nne ni mashine ya kupumulia. Mashine hiyo huokoa maisha, na hakuna anayepaswa kuikataa pale daktari anapoona inahitajika. Lakini husukuma hewa kwa nguvu ndani ya kifua, na msukumo huo huizuia damu isirejee moyoni kwa urahisi. Kule Northwell, karibu wagonjwa 90 katika kila 100 waliowekewa mashine ya kupumulia waliumia figo, ilhali kwa wasiowekewa walikuwa kama 22. Katika wale 285 waliosafishwa damu, 276 walikuwa katika mashine ya kupumulia.

Ya tano ni dawa, na hiyo tutaieleza peke yake hapa chini, kwani inatuhusu sisi wa nyumbani.

Hapo pana kitendawili ambacho madaktari hukitegua kila siku wodini. Mapafu yaliyovimba hayapendi maji mengi, na figo zilizokauka zinayataka. Akitiwa maji mengi kwa mshipa, mgonjwa atazidi kukosa pumzi. Akinyimwa, figo zitakufa. Ndiyo maana muuguzi huandika katika karatasi kila kinachoingia na kila kinachotoka. Karatasi hiyo yaonekana kama kazi ya ukarani, kumbe ndiyo dira ya daktari.

NANI YUMO HATARINI ZAIDI

Kwanza ni wazee. Pili ni wenye kisukari, shinikizo kubwa la damu na maradhi ya moyo. Tatu ni wale ambao figo zao zilikuwa na hitilafu tangu kabla, pengine bila wenyewe kujua. Nne ni wale wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa na pumzi imekwisha katika.

Watafiti wa New York waliona pia kwamba Wamarekani weusi walipatwa zaidi. Sehemu ya jambo hilo hufungamana na shinikizo la damu, kisukari na hali duni ya maisha. Sehemu nyingine hufungamana na aina fulani za jini iitwayo APOL1, ambazo hupatikana zaidi kwa watu ambao asili yao ni Afrika Magharibi, na ambazo huzifanya figo ziwe dhaifu mbele ya baadhi ya virusi.

Mfanyakazi wa mjini ajitazame hapo. Wako wengi wanaoshinda kiwandani, ofisini au sokoni, hawajapata kupimwa shinikizo la damu hata mara moja, nao hujihesabu kuwa wazima kwa kuwa hawaumwi. Siku watakapolazwa kwa homa ya mapafu, ndiyo siku watakayoambiwa kwamba figo zao zilikwisha chakaa.

WAJIBU WA JAMAA KANDO YA KITANDA

Katika hospitali zetu jamaa ndiye anayeleta uji, ndiye anayemgeuza mgonjwa, na mara nyingi ndiye anayemshikia kopo la kukojolea. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua kama mkojo umepungua. Ujuzi huo asiuweke moyoni. Amweleze muuguzi.

Kiasi gani ni kidogo? Madaktari hukadiria kwamba mtu mzima anapaswa kutoa mkojo usiopungua nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa. Mtu wa kilo 60, kwa saa sita, atoe mililita 180 au zaidi, yaani kama nusu ya chupa ya soda ya mililita 350. Akitoa chini ya hapo kwa saa sita mfululizo, hiyo ni dalili ya kuangaliwa mara moja, hata kama anaonekana ametulia. Kadhalika mtazame rangi. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, au wenye damu, au wenye povu jingi lisiloisha, utolewe taarifa. Vivyo hivyo miguu au uso uliovimba, na mgonjwa anayeanza kusinzia ovyo au kusema maneno yasiyoshikana.

Muulizeni daktari pia kuhusu kipimo cha damu kiitwacho kreatinini. Hiyo ni taka itokayo katika misuli, ambayo figo nzima huitoa. Ikipanda kutoka siku moja hadi nyingine, figo zinashindwa kazi. Kipimo kimoja hakitoshi. Kinachotakiwa ni kujua kama inapanda au inashuka.

Juu ya maji ya kunywa, jamaa wengi hukosea pande zote mbili. Wako wanaomlazimisha mgonjwa kunywa chupa baada ya chupa, na wako wanaomwacha na kiu siku nzima kwa kuwa amevaa barakoa ya oksijeni na hawataki kumsumbua. Wako pia wagonjwa, hasa kina mama na wazee, wanaokataa kunywa kwa makusudi kwa sababu wanaona haya kuomba chombo cha kukojolea mbele ya wageni. Aibu hiyo ni ghali mno. Mwambieni mgonjwa kwamba kukojoa kwake ni habari njema, zungusheni pazia au shuka, na muulizeni daktari anywe kiasi gani kwa siku. Kisha fuateni kiasi hicho.

Zawadi nazo ziwe na hadhari. Machungwa, ndizi na madafu ni vitu vyema kwa mtu mzima wa afya, lakini vina potasiamu nyingi. Mgonjwa aliyekwisha ambiwa kwamba figo zake zimelegea asipewe hata dafu moja kabla ya kumwuliza daktari.

DAWA ZA MFUKONI NA ZA CHUNGUNI

Mtu akiwa na homa na maumivu ya mwili, hukimbilia duka la dawa na kununua vidonge vya kutuliza maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huondoa maumivu kweli, lakini huibana mishipa inayopeleka damu figoni. Kwa mtu aliyekauka maji kwa homa na kuhara, dawa hizo zaweza kuwa kama kufunga bomba wakati kisima nacho kimepungua. Hatari huzidi kwa mzee, na kwa mtu anayetumia baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu. Kwa homa, parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo.

Sindano ya jentamaisini, ambayo hospitalini husaidia dhidi ya vijidudu vikali, nayo yaweza kuumiza figo isipopimwa vema. Sindano za namna hiyo zisichomwe mitaani.

Ama dawa za mitishamba, safu hii haizidharau. Wazee wetu waliponya mengi. Lakini chungu hakina kipimo, na baadhi ya mizizi na majani ni sumu kwa figo. Jambo la lazima ni kusema kweli. Daktari akikuuliza mgonjwa alikunywa nini kabla ya kuja, usimfiche, wala usiingize chupa ya dawa wodini chini ya kanga. Daktari hatafuti wa kulaumiwa. Anatafuta kisa cha ugonjwa.

MASHINE YA KUSAFISHA DAMU

Jamaa wengi wakisikia neno "mashine" hukata tamaa. Husema kwamba aliyewekwa humo hatoki tena. Imani hiyo si sahihi kwa kila mgonjwa. Wako wenye ugonjwa wa figo wa miaka mingi, ambao huhitaji kusafishwa damu daima, aghalabu mara tatu kwa wiki. Lakini figo zilizoumia ghafula kwa ugonjwa wa siku chache zaweza kupona. Mashine hushika kazi yake kwa muda, figo zikipumzika.

Takwimu za Mount Sinai zatupa picha ya kweli, yenye matumaini na yenye onyo. Katika walioumia figo wakapona na kuruhusiwa, 65 katika kila 100 figo zao zilikuwa zimerudia hali yake siku ya kutoka. Waliobaki 35 walikwenda nyumbani na figo zisizokamilika. Baadhi ya hao, watu 77, walifuatiliwa baadaye, na 28 wakaonekana wamepona. Basi hakuna sababu ya kukata tamaa, wala hakuna sababu ya kujisahau.

BAADA YA KURUHUSIWA

Hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Mgonjwa akirudi nyumbani hufanyiwa sherehe, kikohozi kimekwisha, naye anataka kurejea kazini asije akakatwa mshahara. Figo hakuna azikumbukaye. Aliyeumia figo hospitalini apimwe tena damu na mkojo kwa tarehe atakayopangiwa, na hata akijiona mzima asipitishe miezi mitatu bila kipimo. Ahakikishe shinikizo la damu na kisukari vimetulia. Na kila aendapo dukani au zahanati, aseme waziwazi, "Niliwahi kuumwa figo," ili asipewe dawa ya kumrudisha alikotoka.

Msiombe kuruhusiwa kabla hamjaelezwa kipimo cha mwisho cha kreatinini kilikuwa ngapi. Kiandikeni. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 hauhesabiwi tena kuwa dharura ya dunia. Kirusi chenyewe hakikuondoka, na mafua makali na homa za mapafu za kila aina zingali zikijaza vitanda. Somo lililonunuliwa kwa maisha ya watu wengi kule New York, Wuhan na kwingineko lisipotee bure.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Figo huyaficha maradhi yake zenyewe, kwa hiyo sisi hatuna budi kuyatafuta. Utakapokwenda hospitali kumtazama ndugu yako mwenye ugonjwa wa kifua, mwulize muuguzi kwa adabu mambo matatu: amekojoa kiasi gani, kreatinini yake inapanda au inashuka, na ni dawa gani tusimpe. Kisha mpe mgonjwa pole yake.